Kwenda Nkombo na Koti la Mume Wangu

Ninyi wenzangu wa Nzahaha mliniona nikishuka kilima Ijumaa asubuhi na mapema, Aline mgongoni, furushi kichwani, uso umenivimba kwa hasira, na tangu nirudi kila mmoja ananivuta pembeni aniulize kwa siri yake. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimekaa nimeandika yote, kutoka mlangoni kwangu hadi kisiwa cha Nkombo na kurudi. Someni mara moja, mniache nilime.

Sababu ya kuondoka ni koti. Mume wangu, Papa Aline, anavua kwa ndoana katika ziwa Kivu, na chombo chake mnakijua: ile kayaki ya manjano ya plastiki ambayo wageni wa mradi waliiacha walipofunga kazi. Ni ya mtu mmoja, nyembamba kama ganda la njegere. Anayeingia humo anakaa chini, karibu usawa wa maji, miguu ameinyoosha mbele, na kasia lake lina vichwa viwili, kwa hiyo kila kichwa kikipanda kinammwagia maji mapajani. Sitasema uongo, inapendeza. Inapita katikati ya mawe ambako mitumbwi mikubwa ya sambaza, wale dagaa wa Kivu, haithubutu, na tilapia wake mmewala nyumbani kwangu. Lakini mtu wa kayaki yuko majini hata kabla ya kuanguka. Nguo aliyovaa ndiyo ukuta wake na ndiyo paa lake.

Na nguo yake ilikuwa nini? Kabuti la jeshi, zito, la kijani iliyokolea, refu hadi magotini, na mifuko ambayo kuku anaweza kutagia. Alilichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Kamembe mwaka tuliporudi kutoka Zaire na sufuria na godoro tu. Lilikuwa kitu cha kwanza kujinunulia katika nchi ambayo wazazi wake walimwambia maisha yote kuwa ni yake. Namwelewa. Simsamehe, lakini namwelewa.

Wiki ile upepo ulishuka ghafla kutoka upande wa Bukavu, wimbi likaipindua kayaki, koti likanywa maji. Wavuvi wa sambaza waliokuwa wanarudi asubuhi waliona mkono tu. Wakamshika kola, wakamvuta. Alifika nyumbani na koti begani, bado limelowa hadi ndani ya bitana, akalitundika juu ya moto, akasema Jumatatu anarudi ziwani.

"Na nguo gani?" nikamuuliza.

"Na koti yangu. Njo iliniokoa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Banaume bote ba ufukoni balisema, Maman Aline. Balinishika kola. Ningekuwa na shati, shati ingepasuka, ningeenda chini. Ile ni koti ya nguvu. Inaokoa muntu."

Ndivyo walivyokaa wanaume wazima ufukoni, wakazungumza, wakakubaliana kwamba kile kilichomzamisha ndicho kilichomwokoa. Na wengine walikuwa wameshaanza kutafuta makoti kama lile. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mtasoma mbele ya watoto. Miaka hii vita vimechukua waume pande zote mbili za mpaka, na wengi wenu mnaosoma mnajua kuliko mimi. Wangu alipita katika hayo yote akatoka mzima. Halafu niwe mjane wa koti?

Kwa wanawake wanaouza sambaza nilikuwa nimesikia habari za mshonaji wa Nkombo, Maman Nsimire, anayewashonea wavuvi nguo za ziwani. Kwa hiyo Ijumaa, Papa Aline akiwa bado amelala, nilishusha koti lake kutoka juu ya moto, nikalifunga kwenye furushi. Bila koti asingeenda popote. Nikatoka.

Njiani kutoka Nzahaha kulikuwa na utelezi. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ule mwekundu unashika kiatu kama mdai, nikavua viatu. Lile furushi lilinifundisha kitu kabla sijafika kokote: koti lililokauka kwa nje lilikuwa bado linabeba maji ndani, na shingo yangu iliyajua yote. Kufikia barabara kubwa nilikuwa nalichukia kama mtu. Camionnette iliyobeba mihogo ikatupandisha. Dereva alitazama furushi akauliza kama nimebeba mbuzi aliyechinjwa.

"Bado hajachinjwa," nikamwambia. "Jumatatu."

Akakanyaga mafuta.

Kamembe sokoni nilienda moja kwa moja kwenye caguwa, pale marobota ya nguo za mitumba yanapofunguliwa. Nilitaka kuona kama ningepata nguo ya maana nisivuke ziwa bure. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua isiyo na kioo kimoja, alinipa suruali ya jinzi.

"Hii, Maman, haichoke. Mume wako atazeeka, yenyewe itabaki."

Kulikuwa na ndoo ya maji ya mama wa chai pale kando. Nikachovya mguu wa ile jinzi, nikauinua. Ulikuwa mzito kama mguu wa mtu kweli. Nikachovya mkono wa sweta ya pamba, nikaukamua, nikauweka shavuni: baridi ya kaburi. Nikachovya pulova ya sufu, ya kijivu, imetobolewa na nondo. Nikaikamua, nikaiweka shavuni. Ilikuwa imelowa, lakini baada ya kitambo shavu langu likaanza kupata joto. Nikaijaribu na kwenye shavu la Aline. Hakulia.

"Maman, unanifulia duka?"

"Nakufundisha unachouza."

"Nani atanunua nguo yenye maji?"

"Miye. Hii ya sufu. Jinzi yako wape maadui."

Mama wa chai alicheka hadi akamwaga, na pulova nikaipata kwa bei nzuri kwa kuwa imelowa.

Bandarini nilifika mchana. Mnajua siku hizi. Kila mzigo unaopanda mtumbwi unafunguliwa, kwa sababu usiku kuna watu wanaovuka ambao si wavuvi. Askari alifungua furushi langu akatoa koti. Akalishika mabegani, akaligeuza, akatazama ndani ya mifuko. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakawa wako mbali kidogo.

"Hii ya nani?"

"Ya mume wangu. Ni mvuvi."

"Analivaa wapi?"

"Ziwani. Alfajiri, kwenye kayaki."

Alikuwa kijana, labda tulilingana. Akalikunja vizuri, kuliko nilivyolikunja mimi, akanirudishia.

"Maman, sikia. Asubuhi kuna ukungu. Mimi niko juu ya boti, naona mtu mmoja, amekaa chini kwenye maji, amevaa hii. Unafikiri nitamuuliza jina?"

Nilikuwa nimefikiria maji tu. Kumbe lile koti lilikuwa na mlango wa pili wa kumuua, na ule wa pili haukuhitaji hata wimbi.

Ziwani, katika mtumbwi wa abiria, nilimpakata Aline nikatazama maji. Sijawahi kusifu mahali kwa urahisi, lakini Kivu mchana huo ilistahili. Maji yalikuwa ya kijani karibu na mawe na ya buluu palipo na kina, na Bukavu ng'ambo ilikaa juu ya rasi zake na mabati yanang'aa, kimya, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupiga risasi kule. Mitumbwi ya sambaza ilipumzika mitatu mitatu imefungwa pamoja, miti yake mirefu imenyooka mbele kama pembe za ng'ombe wetu. Wapiga makasia wetu waliimba kwa Kihavu, lugha ya kisiwani, mmoja anauliza na wengine wanamjibu, na Aline alipiga makofi nje ya mpigo wao hadi wakabadilisha mpigo wakamfuata yeye.

Nkombo tulifika jua likiwa bado na nguvu. Kisiwa ni mgongo mmoja mrefu, kimelimwa kila mahali hadi ukingoni, na njia zote zinapanda. Nilimkuta Maman Nsimire barazani kwake nyuma ya cherehani. Ni mama mkubwa wa mwili, jino moja la dhahabu, sauti ya kuita watu ng'ambo. Msidhani alikuwa mtu wa kunyenyekea.

"Umesikia habari yangu wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

"Kamembe."

"Kamembe tu? Bukavu bananijua. Hata Goma. Kaa."

Nikamtandikia koti chini, nikaeleza yote, pamoja na kola. Nilipofika kwenye kola akaita majirani zake waje wasikie. Ilibidi nisimulie upya. Wakacheka hadi wakashikana mabega, nami nikataka kukasirika kwa niaba ya mume wangu, nikashindwa, nikacheka nao.

"Sasa tazama nguo ya muntu wa maji," akasema.

Nawaeleza kama nilivyoiona, kwa sababu wenye waume ziwani mtanishukuru. Juu ya ngozi ni sufu, hakuna pamba. Pulova yangu ya Kamembe aliinusa, akaivuta, akasema, "Nani alikuchagulia?" Nikasema mwenyewe. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Juu ya sufu ni jaketi fupi, linaloishia kiunoni, lililoshonwa kwa kitambaa cha miavuli iliyovunjika. Kila mshono ameupaka nta ya mshumaa na kupitisha pasi ya makaa. Mikononi na shingoni ameweka mipira iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ili maji ya kasia yasitiririke ndani. Halina mfuko hata mmoja. Juu ya jaketi ni kizibao kilichojazwa vipande vya kandambili zilizochakaa, vile vile vinavyoelea kwenye nyavu, vimepangwa kifuani na mgongoni. Rangi ni nyekundu na manjano, za kupiga kelele. Kijani na nyeusi hashoni. Nikamwambia maneno ya askari.

"Unaona?" akasema. "Nguo ya ziwa lazima iseme jina la mwenyewe toka mbali."

Miguu, akasema, iende pekupeku, maana buti zikijaa maji ni ndoo mbili. Halafu, kwa kuwa nilimweleza kuhusu kayaki, akakata kipande cha shitingi, ile plastiki ya mahema ya kambi za wakimbizi, akakishona kama aproni inayobana ukingo wa tundu analokalia mtu, maji yasimwingie mapajani. Akaifunga kiunoni kwa bakoli, ile bizimu ya mkanda yenye jino la chuma.

Hapo tukagombana. Papa Aline vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, tangu zamani. Nikamwambia hiyo bakoli hataiweza, kayaki ikipinduka atabaki amefungwa ndani kama maiti.

"Bote banafungua hii."

"Bote si bwana wangu. Weka fundo la kuvuta. Kamba moja, mbele, mkono mmoja, basi."

"Unanifundisha kushona?"

"Nakufundisha mume wangu."

Kisha akafumua bakoli, akaweka kamba yenye kitanzi kikubwa mbele, akaivuta mwenyewe kwa kidole kimoja, ikaachia. Akaivuta tena. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwamba sasa aproni zote atazifanya hivyo, na kwamba wazo lilikuwa lake. Sikumkatalia. Nililala kwake usiku ule, akanilisha ugali na sambaza, akamwekea Aline kitanda kizuri kuliko chake.

Jumamosi asubuhi nikafunga mzigo niondoke. Maman Nsimire akaweka mkono juu yake.

"Nguo haijabatizwa."

Kwa Maman Nsimire ni hivi: hakuna nguo ya ziwani inayotoka kwake kabla mwenyewe hajaingia nayo majini mbele ya watu na kupanda tena mtumbwini bila kusaidiwa. Akishindwa, inafumuliwa. Nikamwambia mwenyewe yuko Nzahaha, pengine ananitafuta kwa hasira.

"Kama mwenyewe hayuko, anaingia mwenye kumulilia," akasema. "Ni nani?"

Wanawake waliokuwa wanafua pale chini walishaanza kusogea. Mimi nimekulia milimani, Masisi. Maji ninayoyajua ni ya kuoga. Nikatazama ziwa, nikatazama jaketi jekundu, nikasema, "Ni miye."

"Vua kitenge. Lakini kwanza, ile ingine."

Akaniletea koti.

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alitaka nijue tofauti, akasema, kwa sababu mume wangu hatakubali maneno. Wanawake wawili walikaa nami ndani ya maji, kila mmoja upande wake, kamba kiunoni mwangu. Nikatembea hadi maji yakafika kifuani, wakaniambia nikunje magoti.

Wenzangu, siwezi kuwaandikia vizuri. Koti halikuzama mara moja. Kwanza lilipanda, likajaa hewa, nikafikiri kumbe wanaume walisema kweli. Halafu likakumbuka. Mifuko ikajaa, pindo likajizungusha magotini kama linanifunga nepi, na mikono ikawa mirefu kuliko mikono yangu. Nilitaka kuinua mkono nikashindwa kuinua maji yaliyokuwa ndani yake. Juu yangu nilimsikia Aline akilia ufukoni, sauti inatoka mbali, kama kwenye nyumba nyingine. Wakanivuta kwa kamba, si kwa kola. Nilitapika maji, na nililia, na sikuona aibu.

"Sasa batiza ile nzuri," akasema Maman Nsimire, polepole kuliko alivyozoea kusema.

Kuingia mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Lakini zile kandambili za watu nisiowajua zilinishika kifua, zikanirudisha juu kabla sijaomba. Nilikaa pale nikielea kama kizibo. Nikapapasa hadi kwenye mtumbwi, nikapanda kwa tumbo, bila adabu yoyote, miguu hewani. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipofungua jaketi, sufu ilikuwa imelowa shingoni tu na kwenye mapindo. Katikati ya mgongo palikuwa pakavu. Maman Nsimire alipitisha mkono wake pale akautoa, akawaonyesha wote kiganja.

Sijui mwanamke mwingine ninayemheshimu kama huyo. Anajisifu sana na ana haki.

Jumatatu kulipokucha mtumbwi wa kwanza ulinishusha ufukoni Kamembe, maana Jumamosi ubatizo ulinichelewesha na Jumapili hakuna mtumbwi uliotoka kisiwani. Na Papa Aline alikuwepo, pale kayaki yake inapolala. Alikuwa ameazima kabuti la mwenzake. Kayaki iko nusu majini, wanaume wamekaa kwenye mawe.

"Eh, Papa Aline," mmoja akasema, "bibi yako analeta mavazi ya sarakasi."

"Ni miavuli hiyo. Mvua ikinyesha tutajikinga kwake."

Papa Aline hakucheka wala hakunisalimu. "Umepeleka wapi koti yangu?"

"Nimeingia nayo ziwani," nikasema.

Nikamkaribia, nikamwambia yeye peke yake, ingawa nadhani wote walisikia. Nikamwambia linavyopanda kwanza. Nikamwambia linavyodanganya. Nikamwambia kuhusu mikono.

Alikuwa anatazama chini.

"Magoti," akasema. "Inafunga magoti."

"Kama nepi."

"Kama nepi," akasema. Tangu siku ile alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa amewaachia wale waseme habari ya kola kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya kwake. Akavua koti la kuazima, akalikunja, akampa mwenyewe. Akavaa sufu, akavaa jaketi, akavaa kizibao, nikamfunga aproni, akajaribu kitanzi kwa kidole chake kibovu kimoja. Kikaachia. Akakifunga tena.

"Nkombo wanabatiza kwanza," nikamwambia.

Basi akaingia kwenye kayaki, akapiga kasia mara chache hadi mahali pa kina, akajipindua mwenyewe, mbele ya wanaume wote. Kayaki ikawa tumbo juu. Nilimshika Aline hadi akapiga yowe. Kisha kikatokea kitu chekundu ubavuni, kikakohoa, kikaanza kugombana na kayaki kama mtu anayempanda punda.

Hakuna aliyecheka. Mwenye lile koti la kuazima alilitazama mikononi mwake, akaniuliza Maman Nsimire anakaa upande gani wa kisiwa.

Nzahaha nimerudi na koti letu. Nimelikata: mgongo wake ni tandiko la Aline, mikono yake ni vifuko vya mbegu, na kola nimeitupa. Nilichojifunza ni kifupi. Mtu akikuambia kitu fulani kilimwokoa mwanaume wako, usibishane naye. Kivae, uingie nacho.

Na sasa Papa Aline akipanda kilima Jumamosi na tilapia wake kwenye ugwe, ninyi mnatazama samaki. Mimi naingiza mkono kwanza chini ya jaketi, katikati ya mgongo, nipapase kama pakavu.